Prosesa ya kompyuta ya gemu ya kiwango cha juu hapa Mtwara: 9800X3D, 9950X3D, 265K au 14900K iliyotumika?

Korosho_Ghafi | Shangani, Mtwara

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatuma hela Dar.

Naunganisha kompyuta mpya ya gemu, kipande kwa kipande. Vilivyokwisha kuamuliwa ni viwili: skrini ya inchi 27, 1440p, hezi 240, na kadi ya grafiki RTX 5080. Gemu zenyewe ni Counter-Strike 2, Warzone, Microsoft Flight Simulator 2024 na Assetto Corsa Competizione. Kuhariri video kupo lakini ni saa chache tu kwa wiki, si kazi ya kuniingizia mkate.

Prosesa zilizobaki mezani ni nne. Ryzen 7 9800X3D, Ryzen 9 9950X3D, Core Ultra 7 265K, na Core i9-14900K iliyotumika ambayo muuzaji mmoja Kariakoo anaitoa pamoja na mazabodi yake (bodi kuu ya kompyuta) kwa bei inayotamanisha. Kwenye karatasi hiyo i9 ina viini 24 na inafika gigahezi 6.0, wakati 9800X3D ina viini 8 na inaishia 5.2. Nataka mtu anieleze kwa kina kwa nini watu bado wanasema ya viini 8 ndiyo ya kuchukua.

Mazingira myajue pia. Chumba hakina AC, kuna feni ya dari tu, na kuanzia Novemba hadi Machi ndani panafika nyuzi joto 31 au 32 mchana. Bahari haiko mbali, hewa ina chumvi. Umeme unacheza, kuna siku taa zinafifia kabisa. Kifaa kikifa, cha kubadilisha hakipo hapa mjini, kinaagizwa.

---

FundiChikongola

Mkuu, chukua 9800X3D. Nieleze sababu, maana swali lako la viini na gigahezi ndilo linalowapotezea watu hela nyingi.

Kila fremu ya gemu ina mfululizo wa hesabu: mahali ulipo, risasi imepiga nani, gari limeteleza kiasi gani, kisha amri za kuchora zinazopelekwa kwenye GPU, yaani kadi ya grafiki. Sehemu kubwa ya mfululizo huo inakimbia kwenye thredi (mlolongo mmoja wa kazi ndani ya kiini) moja au mbili, kwa sababu hatua ya pili inasubiri jibu la hatua ya kwanza. Viini vingine vinasaidia kazi za pembeni tu: sauti, kupakia ramani, kufungua faili. Ukishafika viini 8 vya nguvu, kuongeza vingine hakuisogezi ile thredi kuu hata kidogo.

Sasa ile thredi kuu inakwama wapi? Kwenye kusubiri data. Kilichomo kwenye kache ya L3, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa yenyewe, kinapatikana ndani ya nanosekunde kumi hivi. Kisipokuwepo, prosesa inakifuata kwenye RAM, na hapo unazungumzia nanosekunde 70 hadi 80. Kwa gigahezi 5, nanosekunde 80 ni mizunguko 400 ambayo kiini kimekaa hakina cha kufanya. Hizo gigahezi 6.0 za i9 zinakuwa zinasubiri kwa kasi kubwa.

9800X3D ina L3 ya MB 96: 32 ni za kawaida, 64 ni kipande cha ziada kilichounganishwa wima na viini. 14900K ina MB 36, 265K ina MB 30. Gemu zenye vitu vingi vidogo vinavyoulizwa kila fremu, kama magari 25 kwenye Assetto Corsa Competizione au mji mzima unaoonekana chini ya ndege kwenye Flight Simulator, ndizo zinazofaidi sana. Na utaiona faida zaidi kwenye zile fremu mbovu kuliko kwenye wastani. Angalia asilimia 1 ya chini kwenye vipimo (kasi ya zile fremu mbovu kabisa), hiyo ndiyo inayokuambia kama mchezo utashtukashtuka unapoingia kwenye kona yenye watu.

Jambo jingine la kizazi hiki: kwenye 7800X3D ya 2023 kile kipande cha kache kilikaa juu ya viini, kwa hiyo joto lilipita kwenye kache kabla ya kufika kwenye hitisinki (chuma cha kupozea prosesa). Ndiyo maana kikomo chake ni nyuzi joto 89 na kasi yake iliishia gigahezi 5.0. Kwenye 9800X3D, iliyotoka Novemba 2024, kache imehamishiwa chini ya viini. Joto linatoka moja kwa moja, kikomo ni 95, na unaruhusiwa kucheza na kasi yake. Kwa chumba cha nyuzi joto 32 hilo si jambo dogo.

9950X3D ni prosesa nzuri sana, ila soma ilivyojengwa. Ina vipande viwili vya viini 8, na kache ya ziada ipo kwenye kipande kimoja tu. Gemu ikiangukia kipande kisicho na kache, umelipia bure. Ili Windows ipeleke gemu upande sahihi unahitaji draiva za chipseti za AMD na Game Bar vyote vikiwa vimesasishwa, na Windows iwe imesakinishwa upya, si ile iliyohamishwa na diski kutoka kompyuta ya zamani. Mambo yote yakienda sawa, kwenye gemu unakuwa karibu pale pale na 9800X3D. Bei za uzinduzi zilikuwa dola 699 kwa 479. Hizo dola 220 ni UPS nzuri (kifaa chenye betri cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika), na nyie wa Shangani UPS mnaihitaji kuliko viini.

265K kwa mtu wa kuhariri video kila siku ningeijadili kwa dakika tano zaidi. Kwa gemu hizo nne, hapana.

---

Mchinga | Lindi

Fundi amesema kweli, ila tuweke mizani sawa kwa wengine watakaosoma uzi huu wakiwa na skrini tofauti.

Prosesa na GPU ni mashine mbili zinazopokezana, na anayechelewa ndiye anayeamua idadi ya fremu. Ukitaka fremu 240 kwa sekunde, prosesa ina milisekunde 4.2 tu kumaliza kila fremu. Ukicheza kwenye TV ya 4K yenye hezi 60, ina milisekunde 16.7, na hapo hata Ryzen 5 7600 inamaliza kazi yake na kupumzika, GPU ndiyo inayohema. Kwa hiyo mtu wa 4K hezi 60 akinunua 9800X3D na kubakiwa na hela ya GPU ndogo, amekosea hesabu. Mkuu Korosho yupo kwenye hezi 240, kwa hiyo kwake prosesa ni deni halali.

Mtu asiyejua yupo upande gani apime hivi. Fungua gemu kwenye sehemu ile inayosumbua, andika idadi ya fremu. Shusha mwonekano mpaka 720p, usiguse mpangilio mwingine wowote. Fremu zikipanda sana, kilichokuwa kinakubana ni GPU. Zikibaki pale pale, ni prosesa. Njia nyingine ni kutazama matumizi ya GPU wakati unacheza: yakikaa chini ya asilimia 90 huku hujaweka kikomo cha fremu, prosesa imeshindwa kuilisha. Usitazame matumizi ya prosesa. Yanaweza kuonyesha asilimia 30 huku ile thredi kuu imejaa pomoni, kwa sababu asilimia hiyo ni wastani wa thredi zote.

Kama hela itabana, 7800X3D bado inastahili. Kaa nayo kabla hujaanza kupunguza GPU.

Halafu prosesa haigusi ping, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi. Kutoka kusini huku mpaka seva ya Johannesburg au ya Ulaya ni safari ya nyaya, na muda wake ni ule ule hata ufunge nini mezani. Counter-Strike ikiruka huku fremu zako zimetulia, tatizo ni laini ya intaneti.

---

BintiMikindani

Naomba niongelee hiyo 14900K iliyotumika, kwa sababu bei yake nzuri ina maelezo.

Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 za mezani, hasa i9 na i7 zenye herufi K, zilikuwa na kasoro ambayo Intel yenyewe ilikiri mwaka 2024. Prosesa ilikuwa inaomba voteji kubwa kupita kiasi, na baada ya muda sehemu ya ndani ya kiini inachakaa. Inaanza kuhitaji voteji kubwa zaidi ili ifanye kazi ile ile, mpaka inaanza kukosea. Intel ilitoa maikrokodi (marekebisho ya programu ya ndani ya prosesa) 0x129 Agosti 2024, kisha 0x12B Septemba 2024, na ikaongeza miaka 2 ya dhamana kwa zilizouzwa kwenye boksi.

Shida ya mtu anayenunua mkononi ni hii: maikrokodi inazuia uharibifu mpya, haiponyi uliokwisha tokea. Na wewe huna njia ya kujua ilikimbia miezi mingapi na BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) ya zamani. Dalili zake zinadanganya pia. Gemu inajifunga wakati inaandaa sheda (programu ndogo za kuchora picha), inatoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya video imekwisha, na mtu anakimbilia kulaumu GPU au kubadilisha draiva. Kusakinisha programu kubwa kunagoma katikati, faili zinasemekana zimeharibika wakati ukizipakua tena ziko sawa.

Ukiambatanisha na umbali wetu, biashara hiyo haina faida. Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 za barabara. Kurudisha prosesa inayogoma mara moja kwa siku, kwa muuzaji ambaye ataijaribu dakika kumi dukani na kukuambia ni nzima, ni kazi ngumu sana.

Hata ingekuwa mpya kabisa, bado kikomo chake cha umeme ni wati 253. Kwenye gemu haifiki huko, lakini mara nyingi inakula kama mara mbili ya 9800X3D, ambayo kwenye gemu nyingi hukaa kati ya wati 60 na 90. Wati zote hizo zinageuka joto ndani ya chumba chako, na feni ya dari hailitoi nje, inalizungusha.

---

Korosho_Ghafi

Nashukuru sana wakuu, na wewe dada. i9 nimeiweka pembeni.

Sasa tuingie kwenye joto na umeme. Nimeambiwa na muuzaji kwamba kwa Mtwara lazima niweke kupoza kwa maji, ile ya rejeta ya milimita 360, hewa haitatosha. Na UPS aliyonipa bei ni ya VA 1000. Ni sawa?

---

FundiChikongola

Yote mawili si sawa, mkuu. Nianze na joto.

Vipimo vyote unavyoona mtandaoni vimefanyika kwenye chumba cha nyuzi joto 20 hadi 25. Kanuni ni rahisi: hewa inayoingia ikipanda nyuzi moja, prosesa nayo inapanda karibu nyuzi moja. Wakisema 9800X3D imefika 65 kwenye gemu kwenye chumba cha 22, wewe kwenye 32 tarajia 75. Ipo chini ya 95 kwa nafasi kubwa. Maji hayabadilishi kanuni hiyo, kwa sababu rejeta nayo inapozwa na hewa ile ile ya chumba.

Kwa hiyo weka hitisinki ya minara miwili yenye feni mbili za milimita 120, mfano Thermalright Peerless Assassin 120 SE au Phantom Spirit 120 SE. Urefu wake ni kama milimita 155, hakikisha kasha linakubali 160 au zaidi. Boksi la 9800X3D haliji na feni yoyote, usisahau kuiagiza pamoja. Sababu ya kupendelea hewa ni matengenezo. Hitisinki ina kitu kimoja kinachokufa, feni, na feni ya milimita 120 unaweza kuazima hata kwenye kompyuta nyingine ikakuvusha wiki. Pampu ya maji ikifa, kompyuta imesimama mpaka basi lilete nyingine. Maji nayo yanapungua polepole kupitia mipira, na joto linaharakisha.

Kuna mambo mawili ya BIOS ya kufanya siku ya kwanza. Ingia Precision Boost Overdrive, weka kikomo cha joto nyuzi 85. Kisha Curve Optimizer, viini vyote, hasi 15. Maana yake kila kiini kinapewa voteji pungufu kidogo kwa kasi ile ile, joto linashuka na mara nyingi kasi inapanda. Kompyuta ikitulia kwa siku kadhaa nenda hasi 20. Tahadhari: Curve Optimizer ikizidi, kompyuta haigomi ukiwa katikati ya gemu. Inagoma ukiwa umeiacha imetulia au unasoma kurasa za intaneti, kwa sababu ni kwenye mzigo mdogo ndipo kiini kimoja kinaruka hadi kasi ya juu kabisa. Ijaribu na CoreCycler, programu ya kupima kiini kimoja kimoja, usiku kucha, usiamini gemu peke yake.

Ukiona chumba kimezidi, washa Eco Mode ya wati 65. Prosesa inafungiwa wati 88 badala ya 162. Kuhariri video kutachelewa, gemu hutaona tofauti kubwa.

Sasa UPS. Piga hesabu: RTX 5080 wati 360, prosesa 90, mazabodi, RAM, SSD na feni tuseme 70. Jumla 520. Pawasaplai nzuri inapoteza kama asilimia 10, kwa hiyo ukutani zinatoka 575 au 580. Ongeza skrini 45, unafika 620. Ile ya VA 1000 nyingi zake zinatoa wati 600 tu. Siku umeme unakatika ukiwa katikati ya mchezo, UPS inapiga kelele na kuzima papo hapo, kompyuta inazima nayo. Chukua VA 1500 yenye wati 900, kwa sababu GPU hizi zinaruka juu ya wati zake kwa milisekunde chache na UPS lazima ivumilie.

Hakikisha pia ni ya wimbi safi la sain. UPS za bei rahisi zinatoa wimbi la ngazi-ngazi wakati zinatumia betri, na pawasaplai nyingi za kisasa zenye PFC hai (saketi ya kusawazisha uvutaji wa umeme) hazilipendi, zinazima au zinanguruma. Soma karatasi ya UPS, usikubali jibu la mdomo.

Betri mbili za volti 12, Ah 9, kwa mzigo huo zitakupa dakika chache, chini ya kumi. Hizo ni za kuhifadhi na kuzima. Na betri za risasi huteseka kwenye joto, ukipanda nyuzi kumi juu ya 25 umri wake unakaribia nusu. UPS ikae chini, mahali penye hewa, isiwekwe nyuma ya kasha linalotoa hewa moto.

---

Mchinga | Lindi

Niongeze la LUKU, maana halisemwi. Wati 620 kwa saa 4 kila siku, siku 30, ni yuniti 74. Kama nyumba yako ipo kundi la D1, lile la matumizi yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, kompyuta peke yake imelimaliza, bado friji na pasi. Ukiweka kikomo cha fremu kwenye gemu zisizohitaji 240, tuseme Flight Simulator ukaifunga 60, GPU inashusha wati nyingi sana na chumba kinapoa.

Kuhusu umeme mdogo: pawasaplai nyingi nzuri zinakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo taa kufifia hakuiui. Kinachoua ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Weka kinga ya mruko wa umeme kabla ya UPS, na mwite fundi umeme apime waya wa ardhi wa hiyo soketi. Kinga isiyo na ardhi haina pa kuutupa huo umeme. Kama una stebilaiza, nayo ikae kabla ya UPS, isiwe kati ya UPS na kompyuta.

---

BintiMikindani

Na chumvi. Mikindani na Shangani ni ndugu kwa hili.

Kompyuta inayowaka haipati umande, ina joto kuliko hewa. Hatari ipo ikiwa imezimwa na imepoa. Siku ukifunga AC, ukapoza chumba mpaka 20, kisha ukazima kila kitu na kufungua dirisha, hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kutoa umande kwenye chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini. Chuma cha ndani kina 20. Umande unashika vumbi lenye chumvi, na baada ya miezi unaona ukungu wa kijani kwenye miguu ya RAM na ya GPU. Ukizima AC, acha dirisha limefungwa mpaka chumba kipate joto lenyewe.

Panga feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa: tatu mbele, moja nyuma. Hewa ikisukumwa ndani zaidi ya inavyotoka, vumbi haliingii kupitia nyufa, linapita kwenye kichujio. Kichujio kioshwe kila wiki mbili wakati wa kiangazi, kikauke kabisa ndipo kirudi. Kasha lisikae sakafuni wala usoni mwa dirisha la upande wa bahari. Miguu ya RAM isafishwe na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya kawaida ya duka la dawa ina maji mengi.

Mazabodi na RAM sasa. B850 ya kati inatosha. X870E inakupa milango zaidi ya USB na SSD, lakini fremu ni zile zile, na 9800X3D haihitaji sehemu ya umeme ya kifahari. RAM chukua vijiti viwili vya GB 16, DDR5-6000 CL30, yenye EXPO (mpangilio wa kasi ulioandaliwa tayari, unauwasha kwenye BIOS). Ukikosa, 5600 CL36 haitakuumiza, kwa sababu kache kubwa inapunguza safari za kwenda RAM. Usinunue vijiti vinne. Kwenye AM5, soketi ya prosesa hizi za Ryzen, vijiti vinne rasmi vinashuka hadi 3600, na kuvilazimisha 6000 ni kutafuta skrini ya bluu. Bei za DDR5 zilipanda sana kuanzia mwishoni mwa 2025, kwa hiyo GB 32 sasa na utulie.

Ukiwasha EXPO, angalia voteji ya SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia RAM) kwenye BIOS. Isizidi 1.30. Mwaka 2023 zipo 7800X3D zilizoungua kwenye soketi kwa sababu ya voteji hiyo, ndipo AMD ikaweka kikomo. BIOS mpya zinaheshimu, ya zamani usiiamini.

---

Korosho_Ghafi

Dada, muuzaji ana B650 kwa bei nafuu kuliko B850. Inaingia? Na kuna jamaa hapa aliwasha AM5 yake ikakaa nyeusi, akairudisha dukani.

---

BintiMikindani

Inaingia, soketi ni ile ile, ila B650 iliyokaa stoo tangu 2023 ina BIOS isiyoitambua 9800X3D. Nunua yenye kitufe cha BIOS Flashback tu. Utaratibu: flashi ya USB iumbizwe FAT32, weka faili la BIOS ulilopakua kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi yenyewe, lipe jina linalotajwa kwenye kitabu chake. Chomeka flashi kwenye tundu lililowekewa alama nyuma. Unganisha waya wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa, washa pawasaplai bila kuwasha kompyuta, bonyeza kitufe kwa sekunde tatu. Taa itamemeta kwa dakika kadhaa, hadi kumi. Usiguse kitu mpaka izime yenyewe. Fanya kazi hiyo ukiwa kwenye UPS, umeme ukikatika katikati una kazi ya kurudia, na kwa njia nyingine za kusasisha mazabodi inaweza kufa.

Skrini nyeusi siku ya kwanza kwenye AM5 ni kawaida. Mazabodi inajifunza RAM, taa iliyoandikwa DRAM inawaka, na inaweza kuchukua dakika kadhaa, wakati mwingine zaidi ya kumi. Wengi wanaizima dakika ya pili, inaanza upya, wanazima tena, kisha wanasema imekufa. Hali hiyo itajirudia kila ukisasisha BIOS au kufuta CMOS (mipangilio ya BIOS iliyohifadhiwa).

Dakika 15 zikipita bila kitu, zima, acha kijiti kimoja tu kwenye tundu la pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ujaribu tena. Ikigoma bado, chomeka HDMI nyuma ya mazabodi badala ya kwenye kadi: 9800X3D ina grafiki yake ndogo ndani, inatosha kuonyesha BIOS, kwa hiyo utajua kama tatizo ni GPU. Zile zenye herufi F kama 7500F hazina hiyo, na huku ambako GPU ya kuazima haipatikani, ni hasara kubwa.

La mwisho kuangalia ni pini za soketi. AM5 pini zipo kwenye mazabodi, si kwenye prosesa. Ikipinda moja, unaweza kupoteza upande mzima wa RAM huku kila kitu kingine kikiwaka. Muuzaji akikufungulia boksi kwa njia ya video, mwambie amulike soketi kwa tochi ya simu kutoka pembeni kabla hajaifunga. Pini zilizo sawa zinang'aa zote upande mmoja, iliyopinda inaonekana doa.

---

FundiChikongola

Na kama muuzaji ataiunganisha kompyuta Dar na kuituma kwa basi, asafirishe kasha bila GPU na bila hitisinki. Hitisinki ya karibu kilo moja ikining'inia kwenye mazabodi njia nzima mpaka Mtwara inaipinda bodi. Prosesa ibaki kwenye soketi imefungwa na lijamu yake, hapo ndipo salama zaidi. Mwambie aweke pesti ya joto kwenye mfuko tofauti: gramu 1 au 2 zinatosha. Kabla ya kufunga hitisinki, ondoa plastiki iliyobandikwa chini yake, kisha weka nukta tano, nne kwenye pembe na moja katikati, kila moja kama punje ya mchele. Kaza skrubu mbili kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule, mpaka zigote zenyewe.